Joto Lile Lile

Niliwadharau kabla sijawafahamu, na nilipowafahamu niliona kwamba dharau yangu ya mwanzo ilikuwa ndogo mno. Sisemi hivi kwa majivuno. Mtu akikaa katika mji ule kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na asiwadharau, basi naye ana kasoro, na mimi sina mazungumzo naye.

Mji wenyewe hauna jina. Una kuta nne. Tatu ni za mawe, hazitikisiki. Ya nne ni ya chuma, imewekwa juu ya magurudumu yaliyopakwa mafuta ili iweze kusogea kwenda nje. Kazi ya raia ni moja tu, kukimbia. Wanakimbia kutoka ukuta huu hadi ule, wanaugonga kwa bega, wanageuka, wanakimbia tena. Bega moja likivimba wanatumia la pili. Wakigongana wao kwa wao njiani hawaombani radhi wala hawaulizani kama kuna aliyeumia. Kila mmoja anashika njia mpya na kwenda zake. Ukiwauliza kisa cha haya yote, watakuambia kwamba ukuta wa chuma umesimama pale kwa sababu ya mabega yao, na kwamba wakiacha kuugonga utarudi ndani uwabane wote. Na jambo hili ni kweli. Ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana upumbavu mtupu unaweza kuusahihisha, lakini upumbavu wenye chembe ya ukweli unabaki kuutazama tu. Nami niliutazama kwa muda mrefu.

Tuliingia mle mimi na mke wangu Tunu. Lini, sijui. Tunu alisema ni juzi. Mimi nakumbuka nikiingia hali ni mzee, natembelea fimbo, na nakumbuka vilevile kwamba kesho yake nilikuwa kijana na fimbo imebaki mlangoni. Jua la pale halikuchwa wala halikuchomoza, lilizunguka tu ukingoni mwa kuta kama nzi kwenye mdomo wa kikombe. Hakuna aliyejua umri wake. Hakuna aliyeitwa kwa jina la baba yake. Kitu kimoja tu kilipimwa mjini, nacho ni joto. Mlangoni tulivishwa shingoni kila mmoja kipimajoto chake cha kioo, chenye mstari mwekundu, tukaambiwa kwamba wakaguzi watakuwa wanakuja kututia hicho kwapani na kukisoma. Ukiwa kwenye mstari, wewe ni raia. Ukiwa chini ya mstari, umeiba joto na kulificha.

Aliyetunga sheria hii ni Dokta Ngwali, mkuu wa Jopo la Wakamilifu. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu yake nyeupe haina hata doa, na mkono wake wa kushoto daima ameubana ubavuni kama mtu mwenye jipu. Alihutubia akiwa amesimama juu ya pipa lililopinduliwa. Nilimsikiliza siku ile ya kwanza hadi mwisho, nipate kumcheka vizuri.

"Ndugu nukta," alianza, maana ndivyo alivyowaita watu, "sisi ni gesi kamilifu. Nukta haina unene. Nukta haivuti nukta nyingine wala haivutwi. Nukta ina mwendo tu, na mwendo wake ndio joto lake. Je, ndani ya nukta kuna kitu kingine?"

"Hakuna!" waliitikia huku wakikimbia.

"Basi joto likiwa lile lile?"

"Nishati ya ndani ni ile ile!"

"Hata mji ukipanuka?"

"Hata ukipanuka!"

"Hata mkitupwa pembe nne za dunia?"

"Ile ile! Ile ile!"

Kwa sababu ya imani hii, kusalimiana kulipigwa marufuku. Salamu, alisema Dokta, ni mwanzo wa kusimama. Ukishasimama utauliza habari za watoto. Ukishauliza utajikuta unavutwa. Na anayevutwa si mkamilifu tena, ameshaingia katika kundi la wale aliowaita gesi halisi. Alitamka neno hilo, halisi, kwa namna wengine wanavyotaja uchafu wa chooni. Fikiria mji mzima ambamo mtu anampita mama yake mzazi bila shikamoo. Mimi nilifikiri, nikacheka peke yangu.

Lakini nina macho, na macho yangu hayana adabu. Niliona walichokuwa wakikificha. Mtu akipita karibu na mwingine anayempenda, miguu yake ilibadilika kidogo, ikamwelekea, halafu ikajikaza na kuendelea. Akikaribia ukuta wa chuma, hali wenzake wote wako nyuma yake, bega lake lilifika pale likiwa limepoa nia, kana kwamba kuna mkono umemshika upindo wa nguo. Ukuta ulipigwa pigo dogo kuliko lile ambalo sheria ilitabiri. Wakaguzi waliona pengo hilo, wakasema ni kutu kwenye magurudumu. Wakaongeza mafuta.

Tunu hakujua kuishi bila salamu. Saa ya chakula alikuwa akitwanga na jirani yetu Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla, kinu kimoja na michi miwili, huyu akishusha yule anapandisha. Kati ya pigo na pigo nilisikia wakinong'ona: hujambo shoga, sijambo, umelalaje, nimelala. Niliwaona kama watoto wawili wanaoiba sukari. Nilimwambia Tunu asijishushe kwa kusengenya na wajinga wale, akanijibu kwamba hawakuwa wakisengenya, walikuwa wakijuliana hali. Sikuona tofauti.

Kisha ukatangazwa Upanuzi. Dokta alipanda pipa lake akasema mji umekuwa mdogo mno kwa heshima yetu, ukuta wa chuma utasogezwa mbali, na kila nukta itapewa nafasi yake pana ya kukimbilia. "Msiogope," alisema. "Kusukuma ukuta ni kazi, na kazi inakula joto. Lakini Jopo litawapa mkaa. Joto la mkaa litakuwa sawasawa na kazi mtakayoifanya, halizidi wala halipungui. Mtatoka mlivyoingia. Ndani yenu hakutaongezeka kitu, maana hakuna kinachohitaji kuongezeka."

Hesabu ile haikuwa na kosa. Niliipitia mimi mwenyewe nikitafuta pa kumcheka, nikakosa. Ilikuwa hesabu safi ya viumbe ambao sikuwa nimewaona.

Ukuta ukafunguliwa. Wakaugonga kwa mabega yao yote, ukaenda, ukaenda, na wao wakatawanyika nyuma yake kama mtama uliomwagika sakafuni. Mwanakheri akajikuta upande wa mbali, hata kicheko chake hakisikiki. Mama na bintiye wakawa nukta mbili pembe mbili. Mkaa ukaja kama ulivyoahidiwa, ukawashwa, ukawaka vizuri, ukaisha. Na baridi ikaingia. Haikutoka nje, kwa sababu kuta zilikuwa nzima. Ilianzia ndani ya watu. Midomo ilikauka, vidole vikafa ganzi, na kimoja kimoja, kwa siri, vipimajoto vikaanza kushuka chini ya mstari mwekundu.

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo wangeweza kulifanya wao tu. Hakuna aliyesema: jamani, nasikia baridi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyepungua, kwamba wenzake wote ni wakamilifu na yeye ndiye mwenye doa. Basi kila mmoja, jikoni kwake, akachoma kiazi kitamu kwenye majivu, akakibana kwapani kikiwa cha moto, akavumilia, akangoja mkaguzi. Kipimajoto kikapanda mpaka kwenye mstari. Raia. Siku ya ukaguzi mji mzima ulinukia viazi vya kuchoma, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe harufu hiyo inatoka wapi. Makwapa yao yaliungua, yakatunga malengelenge, yakapona, yakaungua tena juu ya kovu. Walikimbia mkono mmoja umebanwa. Nikamkumbuka Dokta na mkono wake ulioganda ubavuni, nikajua. Ningewahurumia kama ningekuwa mtu wa kuhurumia kila kinachojitakia.

Tunu alikataa. Nilimkuta amechoma kiazi chake, amekimenya, anakila kwa chumvi.

"Wakaguzi wako njiani," nilimwambia.

"Waje. Kiazi ni cha kula, bwana'ngu."

Walikuja, wakamtia kipimajoto, wakakuta ameshuka chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Wakamuuliza joto amelificha wapi. Walichimba sakafu yetu. Walipasua godoro, wakamwaga sufi ua mzima. Waliinamisha kinu wakachungulia ndani, watu wazima wenye ndevu, wakitafuta joto kwenye kinu. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono na kuwatazama kwa raha kubwa.

"Sijaiba," Tunu aliwaambia. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa baridi, si kwa hofu. "Limebaki njiani."

"Njia gani?"

"Hiyo iliyopo kati yangu na wale mlionitenga nao. Kumwacha mtu kunakula, waheshimiwa. Mkaa wenu niliupokea, na wote nimeutumia kusukuma ukuta wenu. Wa kumwachia Mwanakheri hamkunipa. Nimeutoa mwilini."

Nakiri kwamba maneno haya yalinishangaza, maana sikuwa nimezoea kumsikia akisema jambo lenye uzito. Nilikaa nayo nikayageuza. Kama Tunu amepungua, na Mwanakheri amepungua, na hakuna aliyechukua, basi kilichopungua kiko wapi? Hakimo ndani ya Tunu. Hakimo ndani ya Mwanakheri. Kimo katikati, mahali pasipo na mtu, penye vumbi na jua tu. Wanavutana, na ili kuwatenganisha lazima kitu kilipie kila hatua, na kilicholipwa hakipotei, kinahifadhiwa hewani kati yao mpaka siku watakaporudiana. Kipimajoto hakiwezi kukiona, kwa kuwa kinatiwa kwapani, hakitiwi kwenye umbali. Basi gesi halisi inapopanuka hali joto lake limeshikwa palepale, nishati yake ya ndani inaongezeka, na ongezeko hilo lazima litoke mahali, na Jopo halikulipa. Nikajiuliza swali lililoninyima usingizi: mtu yuko wapi basi? Yuko ndani ya ngozi yake, au sehemu yake kubwa iko huko nje, imewekwa amana kati yake na wengine? Na mtawala anayehesabu ngozi tu, anatawala nini? Nililipenda swali hili. Lilikuwa langu, hakuna mwingine mle mjini aliyekuwa na akili ya kuliuliza.

Hukumu ya Tunu ilikuwa Gudulia. Ni chombo cha udongo, kirefu kuliko nyumba, kimezikwa katikati ya mji mdomo ukiwa juu, na ndani yake mna baridi ambayo moto wowote hauifikii. Anayetiwa humo hugeuka umande. "Mkamilifu," alieleza Dokta Ngwali mbele ya umati, "hata umpoze mpaka mwisho wa baridi, hawezi kuwa maji. Atashikamana na nani? Ni hawa wenye kuvutana tu wanaolowana. Akigeuka umande, huo ndio ushahidi."

Nilijitokeza. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa hamu.

"Mheshimiwa Dokta," nilisema, "wewe ni juha, na hawa wanaokuitikia ni majuha wadogo. Umetunga sheria ya vitu visivyo na tumbo wala jina, halafu ukaja kuifunga shingoni mwa watu. Sitabishana nawe, nitakuonyesha. Mimi na mwanamke huyu tumelala mkeka mmoja tangu kabla kuta zenu hazijajengwa. Tutenganisheni hadharani. Yeye akae ukuta wa mawe, mimi nipelekwe mpaka ukuta wa chuma. Nipimeni kabla, nipimeni baada. Nikishuka mbele ya macho yenu, bila kuiba, mtajua hakuna aliyeiba."

Watu waliacha kukimbia. Dokta alinitazama kwa muda, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukitegemea, kitu kama tamaa.

"Na usiposhuka?"

"Nitashuka."

"Usiposhuka," alisema taratibu, "sheria ni kweli, na mke wako ni mwizi."

"Nimekubali," nilijibu, kabla Tunu hajafungua kinywa.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani kidogo, kwenye sakafu ile iliyochimbuliwa. Tunu aliketi ukingoni mwa shimo. Nilikuwa natembea huku na huku nikipanga maneno nitakayosema baada ya ushindi, na nilikuwa nimepata kadhaa mazuri sana.

"Bwana'ngu," aliniita. "Ulipokuwa ukisema pale, ulikuwa ukinitazama?"

"Nilikuwa nikimtazama yule juha. Ulimwona alivyogwaya?"

"Nilimwona." Kisha akararua pembe ya kanga yake, akaichovya mtungini, akaikamua, akanipa. "Kitambaa hiki kiweke kwapani. Upande huo watakaopima."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba ni cha kushusha kipimajoto, damu ilinipanda kichwani. "Unanifananisha na hawa wa viazi?"

"Sikufananishi na mtu. Nakuomba."

"Wao wanaficha baridi yao kwa moto, na mimi nifiche nini? Ukweli hauna haja ya kitambaa kibichi."

"Ukweli hauna haja nacho. Mimi ndiye mwenye haja."

"Kwani huniamini?"

Aliniangalia, na ni sasa tu ninapoukumbuka uso ule ndipo ninapoona kwamba alikuwa akinionea huruma. "Nakuamini kwa mengi," alisema.

Nilikiweka kile kitambaa dirishani, mbele ya macho yake, ili aone ninavyokidharau.

Walinipima nikiwa bado nimesimama karibu naye. Zebaki ilikaa juu ya mstari mwekundu, sawasawa. Kisha wakaniambia niende kinyumenyume, nikimtazama, mpaka mgongo wangu ukutane na chuma.

Hatua. Anapungua. Anafanana na mtu yeyote. Kanga yake imeraruka pembeni, angeishona kabla ya kuja mbele ya watu. Hatua. Yule mkaguzi wa kulia ana kiazi, anachechemea kwa mkono. Wa kushoto pia. Nitaanza na wao. Nitasema: enyi mlioungua. Hapana. Nitasema: enyi wapishi wa makwapa. Hiyo ni nzuri. Hatua. Dokta atatoa sura gani? Atapiga magoti? Sitamwinua. Hatua. Nilimwoa lini mwanamke huyu? Alikuwa ameshika nini mkononi, bakuli, au mtoto wa mtu? Hatua. Enyi wapishi wa makwapa, mimi ndiye niliyewaambia. Hatua. Sasa ni kidoa tu. Amenyanyua mkono au ni nguo inapepea? Hatua. Mimi ndiye. Chuma. Nimefika.

Dokta Ngwali alinifuata kwa miguu yake kuja kunipima, na umati ukaja nyuma yake. Aliponyoosha mkono kushika kipimajoto changu alijisahau, akaunyoosha ule wa kushoto. Kiazi kikamdondoka kwapani, kikabiringika vumbini, bado kinatoa mvuke, kikasimama mbele ya watu wote.

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikapiga makofi, nikasema yote niliyoyapanga, enyi wapishi wa makwapa na mengine. "Mnaona? Mtunga sheria mwenyewe! Mmeona sasa?" Hakuna aliyecheka nami. Walikuwa wakikitazama kile kiazi kwa namna mtu anavyoitazama picha yake mwenyewe.

"Ni kweli," Dokta alisema, na hakukiokota. "Nina dada yangu pale ukuta wa kaskazini. Sijamsalimu tangu nilipopanda pipa. Nachoma kiazi kila ukaguzi, na hakitoshi. Nilijua siku zote kwamba mimi ni mchafu, na nilishuku kwamba sote ni wachafu. Nililolihofia ni kwamba nimeandika sheria ya kiumbe asiyekuwepo." Akashusha macho yake kifuani kwangu. "Hebu tukuone wewe."

Akanitia kipimajoto. Akangoja. Akakitoa, akakiinua kwenye mwanga, akakisoma, akakifuta kwa kanzu, akanitia tena. Kisha akawaonyesha watu, na mimi nikaona pamoja nao. Zebaki ilikuwa juu ya mstari mwekundu, sawasawa, haikushuka hata upana wa unywele.

"Mwinueni mikono," alisema.

Waliniinua. Walitafuta kiazi, hakikuwapo. Walitafuta kovu, wakapitisha vidole, wakaita wengine waje waone. Kwapa langu lilikuwa safi, ngozi laini, haijawahi kuguswa na moto. Mwanamke mmoja alimgeuza mwanawe uso asinione.

Nilitaka kusema kwamba kipimajoto ni kibovu. Nilitaka kusema wapime tena. Nilitafuta ndani yangu mahali palipovutika nilipokuwa nikitembea kinyumenyume, nikatafuta kwa bidii kama wale waliochungulia kinuni, na nilichokuta ni ile hotuba yangu tu. Nikaogopa. Ni mara ya kwanza naliandika neno hili kujihusu mimi.

"Sheria haihitaji wengi," alisema Dokta Ngwali, na sauti yake haikuwa na furaha. "Inahitaji mmoja. Huyu hapa. Nimefundisha habari zako maisha yangu yote, bwana, na sikujua kwamba nikikuona nitataka kukimbia."

Walimleta Tunu mpaka mdomoni mwa Gudulia. Alikuwa ameganda midomo lakini alitembea mwenyewe. Nilifikishwa karibu, kwa heshima, watu wakiniachia nafasi kubwa kila upande.

"Haya, bwana'ngu," alisema. "Niage."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikuwa na maneno. Lakini yaliyokuwa mbele mdomoni yalikuwa ya kumjibu Dokta, na nilipokuwa nikiyasogeza kando nipate mengine, Tunu aliitikia kana kwamba nimekwisha kusema, "Nawe pia," akashuka ndani.

Halafu chini kabisa tukasikia tone.

Mwanakheri ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alitokea ukuta wa mbali, anahema, akakitoa kiazi chake kwapani akakitupa chini. "Ningoje, shoga!" aliita. "Hujambo huko? Nakuja!" Akaingia. Baada yake yule mama na bintiye, wameshikana mikono waziwazi. Baada yao wengine, viazi vikidondoka kila mahali kama mvua ya mawe, watu wakisalimiana kwa sauti kwa mara ya kwanza, hujambo, sijambo, shikamoo, marahaba, wakitajana majina ya baba zao, wakikaribiana, wakishuka. Na kila waliposhuka sauti ya chini iliongezeka, kutoka tone hadi mchirizi, kutoka mchirizi hadi maji yanayocheza. Wa mwisho alikuwa Dokta Ngwali. Alikwenda mpaka ukuta wa kaskazini, akarudi amemshika mkono bibi mmoja mfupi aliyekuwa akimgombeza njia nzima. Alipita mbele yangu bila kunitazama.

Nimebaki peke yangu. Nakimbia, nagonga ukuta kwa bega, nageuka. Hakuna anayenivuta nyuma, kwa hiyo ukuta unasogea kirahisi, na mji sasa ni mkubwa mno, sioni tena kuta za mawe. Nimetafuta wa kumdharau, sikumpata. Nilijaribu kushuka Guduliani. Nilitumbukia mpaka shingoni, wakanizunguka wote wakiwa maji, na nilipotoka sikuwa nimelowa hata ukucha.

Jana, au kabla sijazaliwa, nilirudi kwenye ile nyumba yenye sakafu iliyochimbuliwa. Kitambaa kilikuwa dirishani palepale nilipokiweka. Nilikichukua, nikakibana kwapani kwa nguvu zangu zote, nikangoja, nikapima. Kilikuwa kimekauka zamani.